Nilipompeleka binti wa marehemu kaka yangu kukagua digrii ya biology hapa Eldoret

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Nitaandika tu yaliyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Mimi ni plumber, shule niliishia darasa la nane. Kaka yangu alikuwa mwalimu wa biology huko Chepsaita. Tulimzika mwaka jana.

Akiwa hospitali aliniambia, "Nelima akipata college, nenda kwanza uone lab. Karatasi zao achana nazo."

Nikamwambia biology siijui.

"Macho si unayo?"

Nelima ni binti yake wa pekee. Tangu mazishi anaishi na mimi hapa mtaa wa West Indies. Mimi sina mke. Nyumba ilikuwa kimya miaka mingi, sasa kuna mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Basi akapata nafasi kwenye chuo kidogo hapa mjini, mwendo wa miguu kutoka kwangu. Nilifurahi kuliko yeye.

Tulienda Jumanne. Mkuu wa idara, mama mpole, akatuzungusha. Kozi imeidhinishwa, barua iko ukutani. Walimu wanne, wawili part-time. Library ndogo lakini safi. Microscope ziko za kutosha. Siwezi kuwasingizia.

Nelima alipokuwa akichungulia kwa microscope, mimi nikaenda kwa sink. Mazoea ya kazi.

Nikafungua tap. Hakuna kitu.

Nikainama nikafungua kabati ya chini. Lile bomba la kutoa maji machafu halikuwepo. Tundu la sink lilikuwa linaangalia sakafu, na sakafu haikuwa na hata doa la maji.

Ukutani kulikuwa na dustcoat nyeupe, bado zina mikunjo ya dukani. Ya kaka yangu mkono wa kulia wote ulikuwa umebadilika rangi kwa dawa za lab.

Nikamvuta mkuu pembeni. "Madam, practical mnafanyia wapi?"

Akaniangalia kidogo. "Mzee, wageni wote wanaokuja hapa, wewe ndiye wa kwanza kuinama hapo. Wanafunzi tunawapeleka lab ya kuazima kwingine, mara mbili kwa semester. Tunangoja fundi."

"Fundi si ndiye huyu."

Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Njiani Nelima akaniuliza, "Uncle, umeonaje?"

Nikasema, "Ni pazuri."

Hiyo ndiyo aibu yangu, wakuu. Kulikuwa na chuo kingine kilichomwita, lakini kiko mbali na lazima angehama. Sikutaka ahame.

Nilinyamaza siku mbili. Asubuhi ya tatu nikamkuta anapiga pasi dustcoat ya babake. Alikuwa ameshapunguza mikono imtoshe.

Nikamwambia yote. Sink, mara mbili kwa semester, na kwa nini nilinyamaza.

Hakukasirika. Alizima pasi kwanza. Halafu akasema, "Na sasa nani atakuuliza kama umekula?"

"Utapiga simu."

Aliondoka Jumapili kwenda chuo cha mbali, na ile dustcoat.

Kile chuo cha hapa mjini nilirudi nikawafungia mabomba. Maji yanatoka sasa. Kama practical zinafanyika, hiyo sijui na sitasema.

Nilichojifunza ni kwamba kozi ya sayansi hata mtu wa darasa la nane anaweza kuikagua. Kilichonishinda ni kusema nilichoona.

Kama unasoma biology kwenye chuo kidogo, tuambie hapa chini: kwenu tap ya lab inatoa maji?

Nelima hupiga kila jioni. Kama sijala, namwambia sijala.