Pasipoti Iliyopigwa Pasi

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Kola, na jina hilo amelitolea jasho, maana katika miaka thelathini na moja ya udobi hajawahi kuanza kupiga pasi shati mahali pengine. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mwili mwisho. Ukimwambia leo aanzie mgongoni kwa sababu una haraka, atakurudishia shati lako kwa adabu zote na kukuelekeza kwa dobi mwingine.

Kibanda chake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Humo mna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, pasi mbili, chupa ya kunyunyizia maji, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta ambao haujapata kukaa mtupu hata siku moja. Risiti hatoi. Kila mteja ana rangi yake ya uzi, na Kola humshonea mshono mmoja mdogo ndani ya kola ya kila nguo anayoleta. Hajapoteza hata soksi, na akikwambia hivyo usidhani anatia chumvi.

Kazi hii alifundishwa na dada yake. Mama yao alifariki Kola akiwa na miaka saba na dada yake akiwa na kumi na tisa, na tangu siku hiyo dada akawa mama, akawa baba, na penye kosa akawa askari pia. Alikuwa akifulia watu, na akamsimamisha mdogo wake juu ya kreti ili aifikie meza. Kola alishika kila alichofundishwa, isipokuwa mkono wa kushoto wa shati. Pale alikuwa akiinyanyua pasi mapema mno, kisha anairudisha pembeni kidogo ya ilipotoka, na mkono ukatoka na mistari miwili badala ya mmoja. "Mistari miwili tena," dada alikuwa akisema, anaunyunyizia maji mkono ule na kumrudishia aanze upya. Ilimchukua miaka miwili kuacha.

Dada alikwenda ng'ambo miaka kumi na minne iliyopita, kumsaidia mwanawe kulea watoto, na huko akakaa. Walizungumza kwa simu kila Jumapili. Jumapili moja sauti ya dada ikaja imepungua. Presha ya macho, alisema. Jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia daktari halipi ahadi yoyote, labda miezi sita, labda chini. Magoti nayo hayamruhusu safari ndefu.

"Njoo, mdogo wangu," akamwambia. "Nikuone sura kabla macho hayajaniaga."

Kola hakulaza damu. Kesho yake alianza kufuatilia pasipoti, na mpwa wake akamtumia barua ya mwaliko. Mtaa mzima ukajua. Akaagwa kabla hajaomba viza, akaombewa dua, na jirani mmoja akamletea sanduku la kusafiria lenye gurudumu moja linalogoma.

Asubuhi ya kupeleka maombi alizitandaza nyaraka zake zote juu ya meza ya kazi. Pasipoti alikuwa ameitunza chini ya godoro, mahali ambapo watu wa makamo huamini hakuna mwizi anayepajua, nayo ikawa imejikunja pembe. Mtu mwingine angeona pasipoti iliyojikunja. Kola aliona nguo. Akawasha pasi, akapima joto kwa tone la maji, akatandika kitambaa cheupe juu ya ukurasa wa picha, akaipitisha pasi mara moja tu, taratibu, bila kukandamiza. Ikalala vizuri. Kweli, plastiki ilivimba kidogo kando ya shavu lake pichani, lakini aliamini ikipoa itatulia. Akatoka nyumbani akiona amewapa watu wa ubalozi heshima yao.

Dirishani, ofisa aliuinua ukurasa ule kwenye mwanga, akaupapasa kwa kidole, akauinua tena. Kola akatabasamu, maana kwa uzoefu wake mtu akiipapasa kazi yako namna ile, basi ameipenda.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Lugha yake aliijua nusunusu, lakini neno la kukataliwa halihitaji kamusi. Akaikunja, akaiweka chini ya blanketi la meza, akaendelea kupiga pasi juu yake kwa siku nne. Wateja walipomuuliza safari lini, alijibu kwamba mambo yanakwenda. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, kwa sababu miezi ya jicho la kulia ilikuwa inahesabika naye hakuwa na la kufanya. Hata mkewe hakumwambia.

Aliyemfumbua macho ni Karani. Huyu ni mzee mstaafu aliyetunza majalada ya mahakama miaka thelathini na sita, na uzi wake ni wa kijani. Alikuja kuchukua mashati, akaona pembe ya karatasi rasmi imechungulia chini ya blanketi, na mtu wa majalada akiona karatasi rasmi mkono humwasha. Akauliza. Kola akaivuta na kumkabidhi, akajifanya anatafuta chupa ya maji iliyokuwa mbele yake.

Karani akavaa miwani, akasoma mara mbili. Sababu ni mbili, alieleza. Ya pili ni kwamba mwombaji hakuonyesha kitu chochote cha kumrudisha nyumbani safari ikiisha. Ya kwanza ndiyo iliyomfanya akunje uso.

"Wanasema ukurasa wa picha umechezewa," akasema. "Hii pasipoti ilipatwa na nini?"

"Haikupatwa na kitu, mzee. Niliipiga pasi tu."

Karani akamtazama. Kisha akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakalia kapu la nguo chafu, akacheka mpaka miwani ikamvuka. Kola alijikaza kisabuni, akashindwa, akacheka naye, na katikati ya kicheko kile akajikuta analia. Alilia wazi, mikono juu ya meza, akamweleza mzee habari ya dada, jicho na kreti.

Karani alimwacha amalize. Kisha akasema mambo mawili. Kwanza, Kola atachukua pasipoti mpya na kuandika ukweli wa ile ya zamani kama ulivyo, pasi na kitambaa na yote, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kubuni uongo wa kijinga namna ile. Pili, akamuuliza kwenye fomu alijibu nini walipouliza shughuli zake. Kola alikuwa ameandika neno moja: dobi.

"Na ukifika huko, nini kitakurudisha?"

Kola akashangaa swali. Akautazama waya uliojaa kutoka ukuta hadi ukuta. "Hizi nguo za watu nitamwachia nani?"

"Basi hilo hawalijui," Karani akasema. "Hukuwaambia."

Mzee alikwenda kwake akaandika barua. Angeishia hapo ingetosha, lakini alimweleza mwenye duka, mwenye duka akamweleza muuguzi, na mtaa una masikio. Ndani ya wiki moja barua zilikuwa kumi na nne. Muuguzi aliandika kwamba ana sare sita, hataki mkono mwingine uziguse, na atavaa zilizokunjamana siku zote thelathini mpaka Kola arudi. Mwalimu aliandika kwamba suti yake ni moja, iko kwenye waya wa Kola, na hapo itabaki. Mwenye duka aliahidi kushika ufunguo na kufungua dirisha kila asubuhi nguo zisivunde. Hata seremala, ambaye maishani mwake hajapeleka nguo kwa dobi na ukimwona unajua, aliandika kwamba anakusudia kuanza mara tu Kola atakaporejea.

Kola alizipokea moja moja, kila aliyeleta akimshika mkono kwa mikono yote miwili. Hakujua. Miaka yote hiyo alidhani watu wanapenda nguo zilizonyooka, basi. Alitaka angalau azinyooshe zile barua, maana nyingine zilikuja zimekunjwa mfukoni, na Karani akamwambia kwa ukali asizipige pasi, asizishone, asizikaribie.

Pasipoti mpya ndiyo iliyokula muda. Ofisi ilitaka kujua ya kwanza iliharibikaje, na Kola akasimulia kwa meza tatu tofauti. Alipofika ya tatu, ofisa aliwaita wenzake wa chumba cha pili waje wasikie, na Kola akaanza upya tangu godoro. Hakukasirika. Lakini jalada lilikaa, likapotea, likaonekana, na miezi ikapita. Wiki mbili kabla ya siku ya kurudi ubalozini, simu ya mpwa ikaja siku isiyokuwa Jumapili. Jicho la kulia limezima. Mama haoni hata taa.

Jioni ile Kola alimwambia mkewe kwamba safari imekufa. Alichoitiwa kilikuwa kuonwa, naye amechelewa, na amejichelewesha kwa mkono wake mwenyewe. Pasi moja ya dakika moja. Anakwenda kufanya nini sasa?

Mkewe alikuwa anamenya vitunguu, na hakuinua kichwa. "Dada yako hakukulea kwa macho peke yake," akasema. "Nenda."

Akaenda ubalozini. Safari hii nyuma ya kioo alikuwa mwanamke wa makamo, na kola ya blauzi yake upande mmoja ilikuwa imejipinda. Kola alilazimika kujizuia asimwambie. Mama yule alisoma barua zote kumi na nne bila haraka, akafika kwenye maelezo ya pasipoti ya zamani, akasimama hapo.

"Kwa nini uliipiga pasi, baba?"

"Nilitaka ifike kwenu ikiwa safi," Kola akajibu.

Ofisa akainamisha kichwa kwenye karatasi zake kwa muda. Kola mpaka leo anaapa kwamba mabega yalikuwa yanamtikisika. Kisha akauliza atakaa siku ngapi, na Kola akasema thelathini, ya thelathini na moja muuguzi anangoja sare zake. Siku tisa baadaye viza ilitoka, na mkewe akaificha pasipoti kabatini na kuondoka na ufunguo, kwa usalama wa wote.

Alifika kwa dada asubuhi, baada ya safari ya siku nzima na usiku wake. Shati la heshima alilolibeba sandukuni lilikuwa limekunjamana, na hakuwa tayari kumwendea dada katika hali ile, aone asione. Akamwomba mpwa pasi. Pasi ilikuwa ya kigeni, nyepesi kama kikombe, na meza ilitikisika. Nyuma ya mlango alisikia dada akikohoa kile kikohozi chake kifupi. Akapiga haraka, kola, mabega, mikono. Akavaa likiwa bado la moto, akaingia.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amekuwa mdogo kuliko sauti yake ya simuni. Kola alisahau hata shikamoo. Akapiga magoti mbele yake. Dada akanyoosha mikono. Aligusa uso wake kwanza, paji, mashavu, kidevu chenye ndevu ambazo hazikuwapo walipoagana, na uso wa dada ukabaki na shaka, maana aliyeagana naye alikuwa kijana. Vidole vikashuka kwenye kola, vikaizunguka. Vikapita begani, vikateremka mkono wa kushoto, vikasimama chini kidogo ya kiwiko. Vikarudi juu. Vikateremka tena.

"Mistari miwili," dada akasema.

Kola akatazama mkono wa shati lake. Kweli, mistari miwili, imetengana kwa upana wa kucha, mtu mzima, dobi wa miaka thelathini na moja.

"Mistari miwili tena," dada akasema, na sasa alikuwa amemkamata kwa mikono yote, akimvuta kifuani, akicheka na kulia. "Ndiye. Ndiye huyu."

Siku zile thelathini Kola anazieleza kwa shukrani tu. Humshukuru Karani, muuguzi, mwalimu, mwenye duka, na hata seremala, ambaye ahadi yake bado inasubiriwa. Humshukuru mama wa kola iliyojipinda. Na ukimbana sana humshukuru hata ofisa wa kwanza aliyemkatalia, kwa sababu asingemkatalia, anasema, angekufa bila kujua kwamba kuna watu kumi na wanne wako tayari kutembea na makunyanzi kwa ajili yake. Kwa lile jicho la kulia ameshajilaumu vya kutosha, na dada amemkataza kuendelea.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi, alitoa magauni yote ya dada kabatini, kumi na moja, akayapiga pasi taratibu moja baada ya jingine. Alianzia kola, kama kawaida, na kila alipofika mkono wa kushoto aliinyanyua pasi mapema, akairudisha pembeni kidogo ya ilipotoka. Dada huvaa moja kila Jumapili, saa ya simu, na akishalivaa hakubali lifuliwe.