Mashine Iliyonijulia Hali

Nilipoanza kutiwa dawa za saratani ya titi, daktari aliniwekea simuni programu ya akili unde. Kila asubuhi ingeniuliza hali yangu, na ikiona nimezidiwa imwarifu yeye. Nyumba yangu hapa Msambweni ni kimya tangu mume wangu afariki, na binti yangu wa pekee anafanya kazi ya ndani Arabuni. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi kupata wa kunisabahi.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje leo?" iliandika.

"Marahaba. Nimeamka salama, alhamdulillahi."

Kwani ningejibu vipi? Kwetu mtu akikujulia hali humtupii maradhi yako usoni. Unashukuru kwanza, unamuuliza na yeye habari za kwao, shida inakuja baadaye, polepole. Nami niliiuliza habari za kwao. Ikanishukuru, ikanitakia siku njema, ikaenda zake.

Basi nikashukuru na vidonda vyangu mdomoni. Nikashukuru hata asubuhi niliyokuwa nikitetemeka kwa homa. Jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi ndiye aliyenikuta sakafuni.

Hospitalini daktari, kijana wa bara, alinigeuzia kompyuta yake nione. Kinga ya mwili wangu ilikuwa imeshuka vibaya, na kumbe mashine ilimwambia kila siku kuwa mama huyu hajambo. Nilikasirika, nikamwambia mashine yao haina adabu ya kusubiri mtu amalize salamu. Hakubishana nami.

"Mama, ukiiambia uko salama inaamini," alisema. "Na mimi niliamini. Tungekupoteza."

Niliogopa kwelikweli. Tangu hapo naiambia yote: choo, kichefuchefu, usingizi unaonikimbia, hata hofu yangu ya kufa peke yangu. Haichoki kuuliza.

Ijumaa iliyopita niliiandikia kwamba nimetapika tangu alfajiri, na daktari akaniita nije upesi. Nilikuwa natafuta buibui langu binti yangu alipopiga simu. Anajua naumwa, hajui kiasi gani.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi. Habari za huko?"

Akasema nzuri, kazi tu. Nikawa natafuta pa kuanzia kumwambia. Nyuma yake watoto wa tajiri wake walikuwa wakilia, wakimwita. Akasema amefurahi kusikia niko salama, akaniaga.