Chai ya Kikao cha Kitangari

Siku hizi za soko huria hata chemchemi ina wabia. Juzi nilikuwa Kitangari, kwenye kikao cha kuhifadhi chanzo cha maji. Bwana wa mradi akatutazama, wanaume watupu, akauliza, “Kinamama wako wapi?”

“Wameteremka bondeni kuteka maji ya chai yenu,” akajibu mwenyekiti wa kijiji.

Tukaendelea. Tukaazimia njia ya chanzoni ifungwe, miti ipate kuota. Mara akaingia mama mmoja na ndoo kichwani, akatuamkia, akaelezwa azimio. Akaitua ndoo taratibu.

“Sawa, baba zangu. Na chai ya kikao kijacho mtaipika kwa maji ya wapi?”

Azimio halikuguswa. Chai ilipoiva wabia wote tulikunywa, na bwana wa mradi akaomba kikombe cha pili.