Rudi Ukishafeli

Dada yangu, ambaye nyumbani tunamwita Profesa, alikuwa mwaka wa pili chuoni akisomea upimaji wa ardhi. Ana usonji. Hesabu hazimpi shida. Kinachomtesa ni ukumbi wa mtihani: mapangaboi yanayokwaruza, viti vinavyoburutwa, umati unaokohoa. Humo kichwa chake hujaa kelele mpaka mkono unagoma kuandika. Alichotaka ni chumba kidogo chenye utulivu, basi.

Nilimsindikiza ofisi ya huduma za wanafunzi. Mama wa ofisini alisoma cheti cha daktari, akamtazama juu mpaka chini.

"Binti, mbona unaongea vizuri tu? Na alama zako zinawashinda wenzako."

"Nazipata kwa kuumia," dada akajibu, macho yakiwa mezani. "Nikitoka mtihani natapika."

"Hapa tunawasaidia walioshindwa, mwanangu. Rudi ukishafeli."

Nilidhani ni utani. Dada hakucheka.

Mitihani ilipofika, siku ya somo moja aliingia ukumbini, akaandika namba yake juu ya karatasi, akakaa mikono mapajani mpaka muda ukaisha. Somo lenyewe ndilo alilokuwa akiliweza kuliko yote. Matokeo yakatoka: sifuri. Mama yetu alijikuta amekaa sakafuni jikoni, mwiko bado mkononi. Mimi nikamgeukia dada.

"Umefanya nini, dada?"

"Nilichoambiwa. Sasa nimetimiza sharti lao."

Tukarudi ofisini. Yule mama alipoelewa, alijishika mdomo. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo siamini kama nililisikia: anayerudia somo haruhusiwi kupewa huduma maalumu mpaka afaulu kwanza.

Dada akauliza, kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Kwa hiyo ninaruhusiwa lini?"

Mkuu wa kitivo, aliyekuwa akipita, alikuwa ameganda mlangoni. Alimwomba dada aeleze upya tangu mwanzo, akamsikiliza bila kumkatiza, akatoka. Aliporudi alikuwa na ufunguo wa chumba cha ramani, kidogo na chenye utulivu.

Humo dada alirudia mtihani wa somo lile mwaka uliofuata, akafaulu vizuri sana. Lakini kwa kurudia huko, wenzake walihitimu wakamwacha nyuma mwaka mzima. Siku ya mahafali yao nilimuuliza kama ana hasira.

"Sijui. Bado nashangaa."