Waliolala Kijijini

Kijiji kile kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Tabora mjini, ukifuata miembe iliyobaki ya njia ya zamani ya misafara. Barabara ilikipita katikati. Upande wa juu kulikuwa na mchanga, mihogo na karanga. Upande wa chini ilikuwa mbuga, ambayo wakati wa mvua ilijaa maji na kuwatenga watu wa kanisani na wenzao wa msikitini kwa wiki nzima nzima. Nyumba zilikuwa nyingi, wanaume wachache. Babu zao walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wao walipanda treni kwenda kukata mkonge.

Niliyajua haya kwa sababu Serikali ya Mwingereza ilinituma kuwahesabu. Nilikuwa karani kijana, mtoto wa mjini, kaptula imenyooshwa kwa pasi, na nilijiona mtu mkubwa sana. Agizo lilikuwa moja: andika waliolala kijijini usiku wa kuamkia siku ya hesabu, wala usiandike mwingine. Mimi nililala kwa katekista, kwa hiyo asubuhi nikajiandika wa kwanza, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nyumba ya nne nilimkuta mwanamke wa rika langu akimenya karanga pamoja na mama mkwe wake. Nikampa yule mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, nikafungua kitabu changu.

"Dada, humu ndani jana usiku alilala nani?"

Mikono yake ikasimama. Mama mkwe akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Mume hayupo, nami mgeni nimesimama mlangoni namuuliza mke wa mtu, mbele ya mama mkwe, swali kama lile. Nikaanza kujieleza, nikazidi kuharibu.

Yule mwanamke akanihurumia. "Andika mume wangu," alisema.

"Yuko wapi?"

"Tanga, kwenye mkonge."

"Basi hakulala hapa. Ataandikwa huko huko."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Akanieleza taratibu kwamba misimu mitatu ya kilimo ilikuwa imepita bila salamu. Shemeji zake walisema amekufa, na walitaka yeye arudishwe kwa wazazi wake, watoto wabaki.

"Karatasi ya Serikali kule Boma ikisema hapa hakuna mume, bwana karani, watakuwa wamepata la kushika."

"Ni mwanangu," mama mkwe akasema. "Mwandike."

Nikajibu kwamba amri ni amri. Mpaka leo naona haya kwa jinsi nilivyolitamka neno lile, kana kwamba amri niliitunga mimi.

"Na wewe jana ulilala wapi?" mwanamke akauliza.

"Kwa katekista."

"Umejiandika?"

"Nimejiandika."

Akageuka kuutazama ukuta nyuma yake. "Nyumba hii ameijenga yeye. Udongo huu ameukanyaga kwa miguu yake. Wewe umelala siku moja tu, umekuwa mtu wa hapa."

Niliona uchungu, na hasira pia, ingawa sikujua namkasirikia nani. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikatoa raba, nikafuta jina langu. Kisha nikaandika jina la mumewe kwenye nyumba yake, nikawasomea mara mbili. Mwanamke akaomba aoneshwe mstari wenyewe. Akauwekea kidole, akakaa hivyo kwa muda, nami sikumharakisha.

Jumla ya kijiji ikatoka sawasawa. Mkubwa wangu pale Boma aliikagua, akatia sahihi.

Sikupata kujua kama mume wa yule mwanamke alirudi. Kama alikuwa hai, basi aliandikwa mara mbili, huku na Tanga, na hilo lanifurahisha. Mimi sikuandikwa popote. Katika hesabu ya Tanganyika nzima ya mwaka ule, simo.