Kapu la Mzazi

Nilianguka mbele ya jiko langu hapa Kamembe, mvua ilipotoka tu kunyesha. Puu, kama gunia la mihogo. Mfupa haukuvunjika, ila woga uliingia miguuni ukakaa humo. Tangu siku hiyo nilitembea kama kuku aliyefungwa kamba, macho kwenye vidole vya miguu, mkono ukutani. Mimi niliyepanda vilima vya Nzahaha na mtoto mgongoni na ndizi kichwani!

Kisha mjukuu wangu akajifungua. Kitukuu changu cha kwanza, msichana, mzito, mashavu kama mandazi. Kwetu mzazi hupelekewa kapu: unga wa uji, maharagwe, sabuni, ili apate nguvu na maziwa. Na kapu hilo huenda juu ya kichwa cha muntu, si juu ya pikipiki. Nyumba yake iko chini ya mteremko, njia ya miguu tu.

"Maman, baki," binti yangu aliniambia. "Mimi nitabeba. Mtoto utaletewa hapa shingo yake ikikaza."

"Ikikaza mimi nitakuwa kaburini. Twende."

Tukaenda. Yeye alibeba kapu, mimi nikabeba woga. Katikati ya mteremko miguu ikakataa kabisa. Nilikumbatia mgomba kama mlevi, jasho likinitoka, nikitazama ule udongo mwekundu na kuchagua pa kuvunjikia kiuno.

"Turudi?" akauliza.

"Lete kapu."

"Maman, umepata wazimu? Mikono mitupu unatetemeka, sasa na kapu je?"

"Lete, nimesema!"

Akakunja kitambaa, akanitia kata kichwani, akaweka kapu juu yake, huku akinung'unika maneno ambayo nilijifanya sikuyasikia. Hapo shingo ikanyooka yenyewe. Ukiwa na kapu kichwani huwezi kutazama miguu. Utatazama mbele, na mgongo utasimama, upende usipende. Shule sikusoma, lakini hilo nilisoma tangu utotoni. Mguu wa kulia ukapapasa udongo, ukashika. Wa kushoto ukafuata. Binti yangu alikuja nyuma akiwa ameshika kitenge changu kama anapeleka mbuzi sokoni.

"Niachilie, wewe ndiye utaniangusha!"

Mlangoni mjukuu wangu alipiga kelele: "Koko, bibi yangu! Umeazima miguu ya nani?"

"Ni yangu mwenyewe. Ilikuwa imelala."

Nikaketi, wakaniwekea mtoto mapajani. Nilimtazama mpaka uji wangu ukapoa. Amechukua paji langu la uso, na anayebisha aje abishe mbele yangu.

Bado ninaogopa, sitadanganya, hasa mvua ikinyesha. Lakini sasa najua kinachonishikilia: mzigo kichwani na macho mbele. Jioni ilipokaribia, kwa kuwa kapu la mzazi halirudi tupu, mjukuu wangu akatia humo viazi vitamu vitatu.

"Ongeza," nikamwambia. "Kilima ni kirefu, na kapu jepesi litaniangusha."