Mbuzi ya Nazi Ndani ya Kioo

Enzi zetu pale Temeke, wali usio na tui ulikuwa chakula cha mgonjwa. Jumamosi mchana ukipita uchochoroni kwetu, kila ua unasikia kwaru, kwaru, kwaru: watoto wa kike tumekalia mbuzi, magoti huku na huku, tunakuna nazi, sinia liko chini ya meno ya chuma. Mie ndo nilikuwaga fundi wa kudokoa. Mama akigeuka kupepea mkaa tu, konzi la nazi liko mdomoni.

"Kula, kula tu," anasema bila hata kuniangalia. "Siku ya harusi yako itanyesha mpaka bwana harusi aje na mtumbwi."

Tukimaliza kukuna, kaka zangu wanaifanya mbuzi pikipiki. Mmoja anaendesha, mwingine kapakiwa nyuma kamshika kiuno, wananguruma mpaka mate yanawatoka. Raha ile, jamani! Mabinti wa siku hizi wanakata boksi la tui kwa mkasi, halafu wanakaa chini wanasema wamechoka kupika.

Basi mwaka jana mwanangu Zuhura, aliyeolewa Uingereza, akanialika kwake, mji wa kale wenye kuta za mawe na makumbusho kila kona. Mie nilimfuata mtu mmoja tu: mjukuu wangu Salma, ambaye siku zote nilikuwa namwona kwenye simu. Loo, mtoto akaniogopa! Nikimwita anajificha nyuma ya mama yake. Shikamoo yenyewe ananiamkia huku anaangalia zulia. Tukazungushwa makumbusho, leo mapanga ya wafalme, kesho vyungu vilivyovunjika, mvua inatunyeshea kila siku, nikasema moyoni wanawake wa mji huu wote walidokoa nazi. Na yule mtoto hanipi hata mkono kuvuka barabara. Iliniuma, sisemi uongo. Nitarudije Dar mjukuu hajaniita hata bibi?

Siku moja, kwenye jumba jingine, ndani ya kioo, chini ya taa, naona nini? Mbuzi ya nazi! Meno yameshika kutu, ubao umelainika kwa kukaliwa.

"Yarabi! Zuhura, si mbuzi hii!"

Mlinzi akageuka. Mie haya zote nilishazisahau. Palikuwa na benchi, nikalikalia miguu huku na huku, baibui na yote, nikaanza kukuna hewa: kwaru, kwaru. Nikadokoa, nikatia mdomoni, nikageuka upesi kuangalia kama mama kaniona. Zuhura akawa anamwelezea mwanawe kwa Kiingereza, nazi, wizi, na ile mvua ya harusi, huku mwenyewe anajifuta machozi ya kucheka.

Salma akacheka. Akaja polepole, akapanda benchi nyuma yangu, akanishika kiuno, sawasawa na kaka zangu kwenye pikipiki yao.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "harusi yako, mvua ilikuja?"

"Ilikuja, mke mwenzangu! Turubai likaangukia pilau."

Akafikiri kidogo. "Na mimi nataka."

Nililia, mtu mzima mie, mbele ya mlinzi wa watu. Kutoka pale mpaka nyumbani mkono wake haukuachia wangu.

Zamani mbuzi ilikaa uvunguni mwa kitanda cha mama na hakuna aliyeiona kuwa ni kitu. Leo imewekewa taa na mlinzi, na kwangu Mbweni haikuwepo, maana boksi nami nilishalizoea, sawa na hao mabinti ninaowasema. Niliporudi nikaenda Tandika sokoni, nikachagua mbuzi yenye ubao mrefu, ya kukaliwa na wawili. Salma anakuja likizo ya Desemba. Akianza kukuna, mie nitageuka makusudi nipepee mkaa, na mvua na inyeshe.